Siku ya Kuunganisha katika Nchi ya Kilakwake

Nchi ya Kilakwake ipo, na anayebisha akabishe kwao. Njia ya kufika sitawaelekeza. Siwatu binti Athmani alifika huko amemshika mama yake mkono, akarudi peke yake, na haya ninayosimulia ni yake. Mimi nimeongeza hasira tu, tena kidogo, maana ya kwake ilitosha.

Mama yake, Bi Mize, alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka mingi na ulimi usiougua hata siku moja. Zahanati ya kwao ilikuwa na kipimo kimoja, na hicho kimoja kilizimika kila kilipomwona mgonjwa. Watu wakamshauri Siwatu: mpeleke Kilakwake. Kilakwake wana mashine za kila kitu. Wana ya kupima damu, wana ya kupima pumzi, wana na ya kupima mashine. Hapo kwa kweli hawakumdanganya.

"Nikifia huko," Bi Mize alisema wakifunga mizigo, "usinizike katikati ya watu nisiowajua. Sina nguvu za kuanza kujuana upya."

"Mama nawe! Tunakwenda kupona."

"Haya, tukapone. Ila khanga yangu nzuri ipakie tu."

Hospitali ya Kilakwake ilikuwa inang'aa mpaka Siwatu akaona haya kukanyaga sakafu. Lakini ndani haikuwa hospitali moja. Zilikuwa Nyumba: Nyumba ya Damu, Nyumba ya Maji, Nyumba ya Kinywa na nyingine nyingi, kila moja na msimamizi wake, sare yake, wimbo wake wa asubuhi na mashine yake inayosifiwa kuliko za wenziwe. Katikati ya Nyumba, pale kuta zao zinapokutana, pameachwa chumba chembamba. Humo ndimo anamolazwa mgonjwa. Mkono wake wa kushoto unapitishwa kwenye tundu la ukuta, unatokea Nyumba ya Damu, nao huko wanaupokea, wanaufunga kwa kitambaa laini na kuuchoma kidole kila mara wapime. Mkono wa kulia unapitishwa kwenye ukuta wa pili, unatokea Nyumba ya Maji, na huko ndiko wanakomtundikia dripu. Kinywa ni cha Nyumba ya Kinywa. Mgonjwa mzima hana mwenyewe.

Siwatu alipoona mama yake amenyooshwa namna ile, mikono imemezwa na kuta, alipiga kelele. Askari wa chumba akamwangalia kwa huruma, kama mtu wa mjini anayemwangalia mgeni.

"Hivi ndivyo kila Nyumba inavyopata haki yake, dada," akasema. "Kwani kwenu mnamwachia mtu mmoja mgonjwa mzima? Huo si uchoyo?"

"Mwache, Siwatu," Bi Mize akasema kutoka kitandani. "Angalau leo nimepata mahali pa kuweka mikono."

Sasa sikilizeni sheria zao, maana bila hizo hamtaelewa kilichotokea. Mashine ya Nyumba moja haisemi na mashine ya Nyumba nyingine. Si kwamba haziwezi. Kila mashine ina tundu la waya mgongoni, tundu zuri kabisa, imeumbwa nalo, na juu ya tundu hilo wameweka kitambaa cha kufuma kama vile vya kufunikia redio, ili mtu asilione akapata mawazo. Siwatu ni mshonaji, akavisifu vile vitambaa kabla hajajua vinaficha nini. Habari kutoka Nyumba hadi Nyumba huchukuliwa na Mpeleka Salamu, mtu wa heshima aliyevaa joho, naye haanzi kusema neno mpaka maamkizi yaishe na yajibiwe vizuri, moja baada ya jingine. Na neno halipelekwi mpaka liulizwe. Kupeleka neno ambalo hukuulizwa, katika Kilakwake, ni umbea, na umbea wameutungia sheria kali kuliko ya wizi. Wanasema wanalinda siri ya mgonjwa. Wanailinda hasa! Wanailinda hata dhidi ya anayemtibu.

Asubuhi ile mambo yalikwenda vizuri. Nyumba ya Maji iliuliza kama desturi inavyotaka mgonjwa anapopokelewa: sukari yake ikoje? Nyumba ya Damu ikajibu: iko juu, juu sana. Nyumba ya Maji ikaweka insulini kwenye pampu, ikaanza kumtia Bi Mize taratibu kwa mkono wa kulia. Sukari ikashuka. Hiyo ndiyo dawa, jamani, na hapo walistahili kupongezwa. Lakini sukari iliposhuka ikafika inapotakiwa, haikusimama. Iliendelea kushuka, kwa sababu pampu iliendelea kutia, na pampu iliendelea kutia kwa sababu habari iliyokuwa nayo ni ya asubuhi.

Mchana Bi Mize akaanza kutoka jasho. Siwatu akamfuta, likatoka jingine. Midomo ikatetemeka. Nyuma ya ukuta wa kushoto akasikia mashine inalia, akakimbia kuzunguka mpaka Nyumba ya Damu.

Msimamizi wa huko, Bwana Shali, alikuwa amesimama mbele ya mashine yake na mikono nyuma, amefumba macho. Alikuwa mtu nadhifu, kola imenyooka.

"Sikiliza," akamwambia Siwatu. "Unaisikia sauti hiyo? Hakuna mashine nchini inayolia vizuri namna hii."

"Inalia nini?"

"Sukari imeshuka. Bado inashuka. Angalia, haijakosea hata nukta."

Mkono wa kushoto wa mama yake ulikuwa umetokeza ukutani, vidole vinacheza vyenyewe. Siwatu akaushika. Ulikuwa wa baridi na umelowa.

"Basi waambie wa upande wa pili wafunge dawa! Wanamtia insulini mpaka sasa hivi!"

"Wameuliza?"

"Hawajui kama kuna cha kuuliza!"

"Hapo ndipo penye ugumu," Bwana Shali akakubali, na kweli alionekana kusikitika. "Wakiuliza tu, nitawajibu kabla hawajafunga mdomo. Lakini niende kwa watu kuwaambia mambo ya watu bila kuulizwa? Mimi, kwa umri huu, niitwe mmbea?"

"Ni sukari ya mama yangu!"

"Ni siri ya mama yako, dada. Nami nakufa nayo."

Laiti angekufa nayo yeye. Siwatu alitoka mbio, viatu akaviacha palepale, akaingia Nyumba ya Maji. Huko alikuta utulivu, harufu ya udi, na bibi mnene wa uso mwema akipangusa pampu kwa kitambaa. Huyo ndiye Bibi Ruzuna, msimamizi. Mkono wa kulia wa Bi Mize ulikuwa umelazwa juu ya mto mdogo, umefunikwa kipande cha khanga usipate baridi, na dripu inadondoka juu yake.

"Shikamoo, bibi. Funga dawa! Sukari ya mama imeshuka!"

"Marahaba, mwanangu. Nani kasema?"

"Mashine ya Nyumba ya Damu. Inalia, nimeisikia kwa masikio yangu."

"Wamekutuma?"

"Hawakunituma."

"Basi sijasikia," Bibi Ruzuna akasema kwa upole, akaendelea kupangusa.

"Kaulizeni basi! Tuma mtu akaulize, sasa hivi!"

"Tukaulize nini tena? Asubuhi tumeuliza, wametujibu iko juu. Mtu akishakujibu ukamrudia, si unamwita mwongo? Hizi Nyumba mbili zilishagombana kwa jambo hilohilo, miaka hatupeani mkono hata kwenye msiba. Nitaandaa ombi la kuuliza, likikubaliwa ataitwa Mpeleka Salamu. Usiwe na wasiwasi. Mkono wa mama yako nauangalia kama wangu. Mkono mzuri huu, umefanya kazi."

"Mkono huo una mwenyewe! Mwenyewe anakufa!"

Bibi Ruzuna akainua macho, anataka kujua kweli. "Mwenyewe yuko Nyumba gani?"

Siwatu anasema angekutana na watu wabaya asingeumia vile. Mtu mbaya unamtukana, unamshika shingo, moyo unapoa. Hawa walikuwa wema. Walikuwa wema wakamkalia mama yake rohoni, kila mmoja upande wake, wamejipaka marashi. Mimi hata kusimulia tu natamani kupiga kitu.

Alimrudia mama yake. Bi Mize alikuwa macho, lakini macho hayakuwa na mtu.

"Mishi," akamwita Siwatu. Mishi alikuwa dada yake Bi Mize, marehemu zamani. "Mishi, mbona hujachuja tui? Wageni watakula nini?"

"Mama, ni mimi. Ni Siwatu."

"Chuja tui, Mishi."

Kwenye mkoba wake kulikuwa na tende za safarini. Siwatu akaitafuna moja ikalainika, akaitia kinywani mwa mama yake, akamwambia, meza, Mama, meza, nakuomba. Bi Mize alianza kutafuna. Askari akaja. Hakumpiga mtu, hakufoka. Aliingiza vidole viwili kinywani mwa mama wa watu, akaitoa ile tende, akaifunga kwenye karatasi.

"Kinywa kina Nyumba yake, dada. Nao leo wamefunga, wamekwenda sherehe."

Siwatu akamrukia. Aliuma, akaparua, akaivuta mikono ya mama yake itoke ukutani, lakini ilikuwa imefungwa kwa upande wa ndani ya Nyumba na haikutoka. Wakaja askari wengine, wakambeba mpaka uani, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki kilichovikwa kitambaa cheupe. Askari yule wa kwanza akamletea maji ya kunywa.

"Umebahatika," akamwambia, anajifuta damu shavuni. "Leo ni Siku ya Kuunganisha."

Uani palikuwa na turubai, spika kubwa, kina mama wa ngoma wamevaa sare, na wageni wa heshima mstari wa mbele wakijipepea. Kilakwake wana Wizara ya Kuunganisha. Wanayo tangu zamani, na jengo lake ni kubwa kuliko hospitali, ingawa vyumba vyake havina milango ya kupitiana. Kila mwaka Wizara hufanya kongamano, na wadau hukubaliana kwa kauli moja kwamba Nyumba lazima ziunganishwe, kisha wanakula. Na kila mwaka, siku kama ile, waya mmoja mwekundu hutolewa ghalani na kuvutwa uani kutoka Nyumba hadi Nyumba.

Siwatu aliuona ule waya. Aliona mafundi wanaingia nao Nyumba ya Damu, wanaondoa kile kitambaa cha kufuma, wanauchomeka. Aliwaona wanavuka nao ua, wanauingiza Nyumba ya Maji. Akasimama juu ya kiti. Kupitia dirishani aliiona pampu ya Bibi Ruzuna ikiwaka taa, ikazima, ikawaka tena ya rangi nyingine. Dripu ya insulini ikasimama. Mfuko wa maji ya sukari uliokuwa umening'inia kando, bila kazi, ukaanza kudondoka.

"Loo!" akamsikia Bibi Ruzuna akisema. "Imejua yenyewe!"

Askari walikuwa wanaangalia ngoma. Siwatu akapenya, akarudi chumba kile chembamba. Alipiga magoti, akashika uso wa mama yake kwa mikono miwili, akangoja. Jasho likapungua. Midomo ikatulia. Kisha yale macho yakarudi, kidogokidogo, yakamtafuta, yakampata.

"Siwatu," Bi Mize akasema. "Unalia nini? Nani kakupiga, nimtukane?"

Jamani! Yaani ni hilo tu lililotakiwa. Waya. Mashine moja kuiambia nyenzake neno moja. Hakuna Nyumba iliyobomoka, hakuna siri iliyoruka dirishani, hakuna aliyekufa kwa aibu. Mama alikuwa anamtania mwanawe.

Spika ikakoroma uani. "Itifaki imezingatiwa," sauti ikasema, na watu wakapiga makofi. "Baada ya mchakato mrefu, leo tunashuhudia kwa macho yetu Nyumba zikisikilizana. Sasa, kwa heshima na taadhima, namkaribisha mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Kuunganisha, azindue rasmi kwa kukata utepe."

Siwatu akageuka. Alikuwa ametoka uani dakika hiyohiyo na hakuona utepe wowote.

Alikimbia. Waziri alikuwa amesimama katikati ya ua, mzee mwenye tabasamu, na msichana anamshikia sinia yenye mkasi wa dhahabu. Mbele yake, umevutwa ukakaza kutoka ukuta hadi ukuta, ni ule waya mwekundu. Siwatu akapiga ukelele wa mtu anayechinjwa. Kina mama wa ngoma wakadhani ni furaha imemzidi, wakampokea kwa vigelegele. Wakapiga vigelegele vikafunika kila kitu. Waziri akawapungia mkono, akaukata waya, na kamera zikamulika.

"Kwa nini umekata?" Siwatu alimfikia akamshika joho. "Kwa nini? Ulikuwa unafanya kazi!"

"Nisipokata, nitazindua vipi?" Waziri akauliza, bila hasira. "Jambo lisilozinduliwa halipo, binti yangu."

"Na hili ulilokata?"

"Hili sasa limezinduliwa."

Siwatu aliokota ncha mbili za waya. Mikono yake imezoea uzi, akataka kuzifunga fundo palepale chini, lakini ncha moja ilikuwa tayari inakatwakatwa vipande. Ndiyo desturi: wageni wa heshima hugawiwa kila mmoja kipande akakiweke kabatini, kumbukumbu ya muungano. Wengine wana vipande vya miaka na miaka, wamevipanga kwenye kioo. Waziri mwenyewe alimpa Siwatu cha kwake, akamwambia kuwa kwa mapenzi aliyoyaonyesha anastahili.

Pampu ya Nyumba ya Maji, iliponyimwa habari, ilifanya inachofanya mashine yoyote iliyoachwa peke yake. Ilirudi kwenye amri ya mwisho iliyopewa na wenyewe, ile ya asubuhi. Maji ya sukari yakasimama. Insulini ikaanza tena kudondoka, taratibu, bila kukosea. Nyuma ya ukuta wa kushoto ile mashine ikalia kwa sauti yake nzuri, Bwana Shali akafumba macho kuisikiliza, na uani wakapakua pilau.

Bi Mize hakumwita tena mtu yeyote, si Mishi wala Siwatu. Alitetemeka mwili mzima, kitanda kikagonga ukuta huku na huku, na kila Nyumba ikasikia upande wake wa ukuta unagongwa na ikadhani ni sherehe. Kisha akatulia. Siwatu alikuwa ameshika uso wake mpaka mwisho, hakukuwa na kingine cha mama yake alichoruhusiwa kushika.

Zikaja taarifa, maana Kilakwake hawakawii kwa taarifa. Nyumba ya Damu ilipima sawasawa mpaka chini kabisa. Nyumba ya Maji ilitia sawasawa mpaka tone la mwisho lililoagizwa. Nyumba ya Kinywa ilikuwa kwenye sherehe kwa ruhusa. Kila Nyumba ilifanya kazi yake bila dosari, na zote zikapongezwa.

Ndipo mlangoni akatokea mtu wa joho, anapumua kwa heshima. Alikuwa Mpeleka Salamu kutoka Nyumba ya Maji. Ombi la Bibi Ruzuna limekubaliwa, ameruhusiwa kuuliza, na kwa kuwa Nyumba ya Damu wako kwenye pilau ameona aanze na jamaa.

"Hamjambo humu?" akaanza.

Siwatu akainua uso, naye akahesabu kuwa amejibiwa.

"Habari za hapa?"

"Mbaya," Siwatu akasema.

Yule mtu akashtuka kama amemwagiwa maji. Katika kazi yake yote hajapata kujibiwa hivyo. "Habari za hapa?" akarudia, labda hakusikika.

"Mbaya."

"Dada, tafadhali. Sema njema kwanza. Usiposema njema siwezi kuendelea, na nimekuja na swali muhimu. Linahusu sukari ya mgonjwa."

"Sisemi njema! Mbaya, mbaya, mbaya! Mama yangu amekufa na nyinyi mnamtia dawa maiti! Nenda kawaambie hivyo, Nyumba moja moja, na kama ni umbea basi mimi ndiye mmbea wenu, nifungeni! Mmemuua mama yangu kwa adabu!"

Alisimama pale anatweta. Neno lile yule mtu hakuwa na mahali pa kulibeba. Akainama kwa heshima, akarudi alikotoka na swali lake likiwa zima.

Siwatu akaenda Nyumba ya Damu, akaufungua mkono wa kushoto. Akaenda Nyumba ya Maji, akachomoa sindano, akaufungua wa kulia. Safari hii hakuna aliyemzuia hata kwa jicho, maana maiti si ya Nyumba yoyote. Akarudi akaivuta mikono yote miwili kutoka ukutani, akailaza pamoja juu ya kifua cha mama yake, akaifunika kwa ile khanga nzuri. Alimzika hukohuko, katikati ya watu asiowajua, na hilo bado linamla.

Alipokuwa anatoka alipita dirisha la Nyumba ya Maji. Mto mdogo ulikuwa palepale, mtupu, na dawa ilikuwa inadondoka juu yake, inachuruzika mpaka sakafuni. Bibi Ruzuna alikuwa anaipangusa kwa kitambaa, anangoja jibu.

Ndiyo maana nimesema njia ya Kilakwake sitawaelekeza. Na nikiwatazama nyuso zenu, naona wengine hamkuhitaji kuelekezwa.